Tungamo, Msongamano na Densiti: Istilahi za Maada katika Mizani ya Nyawera

Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ichapishe Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, dai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi limekosa mashiko. Swali lililosalia ni gumu zaidi: je, istilahi zilizokuzwa Dar es Salaam zinamfaa pia msemaji wa Kiswahili aliyesomeshwa kwa Kifaransa? Makala haya yanazipima istilahi chache za msingi wa fizikia huko Nyawera, mtaa wa Bukavu wenye soko mashuhuri. Huko Kiswahili ni lugha ya kununulia na kuuzia, na Kifaransa ni lugha ya ubao wa darasani.

Kuhusu maada hakuna ugomvi: ni chochote chenye masi na kinachochukua nafasi. Ugomvi unaanza na tungamo. Neno hili linatokana na kutungama, nayo ni kazi ya damu na maziwa. Msomaji anayefuata maana hiyo ataona kwamba gesi, kwa kuwa haitungami, haina tungamo. Kivu yenyewe inamkanusha. Kandokando ya Goma, kaboni dioksidi, iliyo nzito kuliko hewa kwa takribani mara moja na nusu, hutuama mabondeni na kuua watu na mifugo. Wenyeji huiita mazuku, na wataalamu wa volkano wa nchi nyingine wamelichukua neno hilo jinsi lilivyo. Kwa hiyo masi, ingawa ni la kukopa, ni salama zaidi kwa sababu halileti picha ya kuganda.

Ama uzito, hilo limebebeshwa mengi. Uji mzito ni uji usiotiririka upesi. Mawese yakipigwa na baridi huitwa mazito, hali lita moja yake ina takribani kilo 0.9 tu, nayo huelea juu ya maji.

Msongamano unastahili uchambuzi mrefu zaidi. Mwuza unga akilitikisa kopo na kulishindilia, kopo lilelile hupokea unga zaidi. Hapo istilahi hii inasema kweli tupu: chembe zimesongamana, na masi imeongezeka katika ujazo uleule. Lakini ichukuliwe sufuria ya alumini iwekwe kando ya dhahabu ya Kivu Kusini. Katika sentimita moja ya ujazo, metali hizo mbili zina idadi ya atomi inayokaribiana sana, na alumini ndiyo inayozidi kidogo. Hata hivyo dhahabu ina gramu 19.3, alumini gramu 2.7. Tofauti haikuletwa na msongamano, bali na atomi yenyewe: ya dhahabu ina masi ya 197, ya alumini 27. Istilahi inayoeleza unga vizuri inampotosha mnunuzi wa dhahabu.

Je, densiti itatuokoa? Kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam, ndiyo. Neno limetoka katika Kiingereza, na maana yake ni masi kwa kila kizio cha ujazo. Lakini mwanafunzi wa Nyawera amekwisha kufundishwa kwamba “densité” ni ulinganisho na maji, namba tupu isiyo na kizio. Kile ambacho Dar es Salaam inakiita densiti, yeye anakijua kama “masse volumique”. Akiambiwa kuwa densiti ya dhahabu ni 19,300 ataona kosa la chapa, kumbe ni kilo kwa mita ya ujazo.

Jambo hili si la kamusi pekee. Ziwa Kivu, lenye kina kinachozidi mita 480, limehifadhi takribani kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani. Maji ya chini hubaki chini kwa kuwa chumvi na kaboni dioksidi iliyoyeyuka humo huyafanya yazidi ya juu kwa masi, ujazo ukiwa uleule. Mwaka 1986 gesi ya Ziwa Nyos, nchini Kameruni, iliua watu zaidi ya 1,700. Anayewaeleza wakazi wa Bukavu usalama wa ziwa lao akisema “maji ya chini yana msongamano”, wao watasikia maji yaliyobanwa yanayotafuta pa kutokea. Yaani watasikia kinyume cha kinachowalinda.

Inafaa, basi, masi ya ujazo itumike kwa kipimo chenye kizio, densiti linganishi kwa ulinganisho na maji, na msongamano ubakie kwa wingi wa chembe au watu mahali pamoja. Itajibiwa kwamba vitabu vya Tanzania vimekwisha kuzoeleka, na kuvibadili ni gharama. Jibu hilo lina uzito wake. Lakini kuandika kizio kando ya kila namba, na kutaja katika kamusi maana ya upande wa Kongo, hakugharimu zaidi ya mstari mmoja. Usanifishaji usiofanya hata hayo utakuwa wa nchi moja, hali lugha ni ya nchi nyingi.