Hita, Kipimajoto na Kiini: Uhakiki wa Istilahi za Kupasha Joto Garini

Tumeletewa rasimu ya tafsiri ya kijitabu cha matengenezo ya magari ya zamani, nasi tumetakiwa kuipitia kabla haijapigwa chapa. Sura tuliyoichagua kuihakiki hapa ni ile ihusuyo kifaa cha kupasha joto ndani ya gari. Huenda msomaji wa Tanga au wa Mombasa akauliza kifaa hicho chamfaa nani. Jibu analo dereva anayesafiri nyanda za Njombe mwezi wa Julai, au anayepita Limuru alfajiri huku ukungu umetanda barabarani. Kioo cha mbele kinapofunga ukungu kwa ndani, hewa ya moto ndiyo imrudishiayo macho. Kifaa hicho kikiharibika, naye akafuata maelezo yasiyoeleweka, hasara haitakuwa ya lugha peke yake.

Twakiri tangu mwanzo kwamba mfasiri wa rasimu hii ni mtu aliyeijua kazi ya sarufi. Sentensi zake zimenyooka na upatanisho wa ngeli haukumshinda popote. Kasoro zake ni za namna nyingine, nazo hazikudhihirika mpaka tulipoichukua rasimu hadi kwenye gereji moja na kumsomea fundi pamoja na mwanagenzi wake.

Maelekezo ya kwanza yasema hivi: fungua hita kwa kiwango cha juu, kisha sikiliza sauti ya feni. Mwanagenzi aliposikia neno “fungua” alinyoosha mkono kuchukua spana. Hakukosea. Katika Kiswahili cha gereji, kufungua kitu ni kukivunjavunja vipande ili kutazama ndani, na kukifunga ni kukikusanya tena na kukikaza mahali pake. Injini hufunguliwa, gia boksi hufungwa. Nyumbani, kwa upande mwingine, twafungua redio na twafunga maji. Mfasiri ameandika kwa Kiswahili cha nyumbani akiwaelekea watu wa gereji. Mbaya zaidi ni kwamba ukurasa wa pili wa sura hiyo hiyo waagiza “funga hita” mara mbili: mara ya kwanza maana yake ni kuizima, na mara ya pili ni kuirudisha mahali pake baada ya matengenezo. Sisi twaonelea kwamba katika maandishi ya ufundi vitenzi “washa” na “zima” vitumiwe kwa chochote kiendeshwacho kwa umeme, na “fungua” na “funga” viachwe kwa kazi ya spana. Lakini koki ya maji je? Koki haiwashwi. Hapo hatuna budi kuandika kwa kirefu: zungusha koki mpaka maji yapite. Urefu wa namna hiyo si dhambi.

Neno “hita” lenyewe lilituletea shida ambayo hatukuitazamia. Gari lililokuwapo pale gerejini siku hiyo lilikuwa Land Rover ya dizeli ya Series III, aina iliyoundwa kati ya miaka ya 1971 na 1985. Tuliposoma “kagua fyuzi ya hita” fundi alituuliza, “Hita ipi, ndugu? Ya kuwashia au ya kupashia?” Injini ya dizeli ya aina hiyo ina plagi nne zinazopashwa joto kwa umeme kabla injini haijawashwa, na mafundi huziita hita plagi, au hita tu kwa kifupi. Hivyo mtu mwenye dizeli asomaye kwamba “hita haifanyi kazi” ataanza kutafuta kwa nini gari lake haliwaki asubuhi, ilhali kijitabu kinazungumzia miguu ya abiria kupata baridi. Wapo wanaotaka neno la mkopo litupwe na badala yake tuseme “kipashajoto”. Hatuna ubishi na umbo hilo, ila halitatui neno lolote, kwani plagi nazo zapasha joto. Kinachohitajika ni kivumishi. Twapendekeza “hita ya hewa” kwa kifaa cha abiria na “hita plagi” kwa vile vya injini, na neno “hita” lisisimame peke yake katika kitabu kinachohusu dizeli.

Tufikie sasa kosa kubwa kuliko yote. Mfasiri ametumia “kipimajoto” kwa vitu viwili. Cha kwanza ni saa ile ya kwenye dashibodi inayomwonyesha dereva halijoto ya injini. Cha pili ni kile kilango kidogo cha chuma kilichomo katika njia ya maji, ambacho hubaki kimefungika injini ikiwa baridi na kufunguka chenyewe maji yapatapo moto wa kutosha. Katika magari mengi ya zamani ni kama nyuzi 82 hadi 88 za Sentigredi. Cha kwanza hupima, hakitendi. Cha pili hutenda, wala hakimwonyeshi mtu kitu. Kisha rasimu yaagiza: toa kipimajoto, kitumbukize katika maji yanayopashwa moto, tazama kama kitafunguka. Mtu mtiifu atang’oa saa ya dashibodi na kuichemsha.

Jambo hili si la kuchekesha kama linavyoonekana. Kilango hicho kikikwama kikiwa wazi, maji hupita kwenye rejeta saa zote, injini haipati moto wake, na hita ya hewa hutoa upepo wa baridi hata baada ya mwendo wa saa nzima. Ni miongoni mwa sababu za kwanza zinazofaa kutazamwa. Katika nchi zetu kuna sababu nyingine inayofanana nayo: mafundi wengi hukitoa kabisa wakidhani kwamba ni kitu cha nchi za baridi, tena kwamba chaleta joto kupita kiasi. Injini isiyo nacho huchukua muda mrefu kupata moto na hula mafuta zaidi. Tena katika baadhi ya injini njia ya pembeni ya maji hubaki wazi daima, na matokeo yake injini huchemka hasa pale ilipotarajiwa kupoa. Fundi asiyekuwa na jina la kitu hiki atawezaje kusoma kwa nini asikitupe? Sisi twapendekeza “themostati”, jina ambalo fundi wetu alilitaja papo hapo. “Kidhibitijoto” pia chafaa shuleni, mradi “kipimajoto” kiachiwe kazi ya kupima peke yake.

Kuhusu neno “joto” tuna malalamiko yanayokaribiana na hayo. Njia iliyo rahisi ya kutafuta ugonjwa wa hita ya hewa ni kugusa kwa uangalifu mipira miwili ya maji inayoingia na kutoka katika hita, injini ikiwa imekwisha kupata moto na hita imewekwa juu kabisa. Kitabu cha asili chatofautisha daraja tatu za joto. Rasimu ina moja. Yasema: “mpira wa kwanza uwe na joto na wa pili uwe na joto, wa pili usipokuwa na joto, kiini kimeziba.” Kiswahili hakijafilisika kiasi hicho. Tunalo “moto”, tunalo “vuguvugu”, tunalo “fufutende”, tunalo “baridi”. Kwa maneno hayo maelezo yangesomeka hivi: mpira wa kuingizia ukiwa wa moto na wa kutolea ukapungua kidogo tu, maji yanapita vizuri, basi tazama feni, kebo na vilango vya hewa. Wa kwanza ukiwa wa moto na wa pili fufutende au baridi, njia imeziba. Yote miwili ikiwa baridi hali saa ya dashibodi yaonyesha kwamba injini ina moto, ama koki haikufunguka, ama maji yamepungua, ama kuna upepo ulionaswa ndani. Na saa yenyewe ikionyesha ubaridi, rudi kwenye themostati. Hakuna neno geni hata moja humo isipokuwa la mwisho.

“Kiini cha hita” nacho kimezaliwa na kamusi. Kiini ni cha yai, cha embe, cha hoja. Kitu kinachokusudiwa ni rejeta ndogo iliyomo ndani ya sanduku la hita, nalo jina “rejeta ndogo” latosha. Ikiziba, rasimu yasema isafishwe; fundi alitaka kujua isafishwe nje au ndani. Tungependa “kusukutua”, kitenzi ambacho kila mtu akijua kwa kinywa chake, na tungeongeza kwamba maji yapitishwe kinyume cha mkondo wake wa kawaida, tena kwa nguvu ndogo, kwa sababu rejeta kuukuu iliyounganishwa kwa risasi haichelewi kuvuja. Ama kuhusu kuondoa hewa iliyonaswa, mfasiri ameandika “kuumika”, pengine kwa kuwa neno la Kiingereza lahusu kutoa damu. Kuumika ni kwa pembe na wembe. Gerejini husemwa “kutoa upepo”, na watakaotusahihisha kwamba upepo ni hewa iendayo mbio tutawaomba watuambie tairi hujazwa nini.

Fasili ya hita katika faharasa ya rasimu yasema ni “kifaa kipashacho hewa kwa maji ya moto ya injini”. Mwenye Volkswagen ile ya mgongo wa kobe atashangaa, maana injini yake hupozwa kwa hewa, haina maji hata tone. Joto la abiria hupatikana kwa kupitisha hewa kandokando ya bomba la moshi wa injini. Bomba hilo likitoboka, kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, yaweza kuingia walimo abiria. Fasili iliyosahau gari la namna hiyo imesahau pia onyo lake. Na “kiyeyusha theluji” kiitwe kiondoa ukungu. Huko Kitulo twajua sakitu, lakini ukungu ndio kazi yake ya kila siku.

La mwisho ni “dawa ya kuzuia barafu”, jina la kile kiowevu kichanganywacho na maji ya rejeta. Twajua kwamba dawa ni neno pana: ipo ya meno, ya viatu, ya mbu. Lakini kiowevu hiki kwa kawaida huwa na glikoli ya ethilini, yenye utamu mdomoni, nayo huua ikinywewa. Harufu yake tamu ndani ya gari, pamoja na utando wa mafuta kwenye kioo, ni dalili kwamba rejeta ndogo inavuja, kwa hiyo mtoto aliyeketi mbele anaweza kuigusa kabla ya fundi. Tumefuta “dawa” kila ilipotajwa, tumeandika “kulanti”, na pale inapotajwa mara ya kwanza tumeomba neno SUMU lipigwe chapa kwa herufi kubwa.