Farasi wa Dodoma: Herufi 马 na Kazi Zake Tatu

Fungua ramani ya Tanzania iliyochapwa kwa Kichina, utafute makao makuu ya nchi. Utakuta 多多马, inayosomwa Duōduōmǎ. Herufi mbili za kwanza, kila moja maana yake ni "nyingi". Ya mwisho ni "farasi". Mgogo aliyekua akisimuliwa kwamba jina la mji wake lilitokana na tembo aliyedidimia matopeni ana haki ya kuuliza tembo huyo amegeuka lini kundi la farasi. Hajageuka. Aliyeandika jina hilo hakuwa na mnyama yeyote kichwani. Alitaka silabi "ma", na 马 ilikuwa karibu na mkono.

Hapo ndipo wengi wanaoanza Kichina hujikwaa. Wiki ya kwanza wanaambiwa 马 ni farasi, basi wanamtafuta farasi kila wanapoiona. Mara nyingi hayupo. Herufi hii imeajiriwa kazi tatu, na anayeisoma hana budi kuuliza kwanza: hapa iko zamu gani?

Kazi ya kwanza, na ndiyo kongwe, ni picha. Kwenye mifupa ya ubashiri iliyofukuliwa Anyang, mkoani Henan, ambayo ina zaidi ya miaka 3,000, farasi amechorwa mzima: kichwa kirefu, jicho kubwa, manyoya ya shingoni, miguu, mkia. Ila amesimamishwa wima kama picha iliyotundikwa vibaya ukutani, miguu ikielekea pembeni. Maelezo ya kawaida ni kwamba maandishi yalishuka kwa safu nyembamba kutoka juu, na mnyama aliyelazwa angekula nafasi ya safu jirani. Karne zilivyopita mistari ilinyooshwa hadi ikawa 馬, yenye mipigo kumi ya kalamu. Mtaalamu Xu Shen, katika kamusi yake Shuowen Jiezi aliyoikamilisha mwaka 100 baada ya Kristo, bado aliona humo kichwa, manyoya, mkia na miguu minne. Hata leo ukiikazia macho utaona manyoya yamepepea juu na nukta nne zikikanyaga chini.

Mwaka 1956 serikali ya China ilitangaza mpango wa kurahisisha herufi, na mipigo kumi ikawa mitatu: 马. Umbo hilo halikubuniwa ofisini. Lilitokana na mwandiko wa haraka ambao makarani walikuwa wameuzoea kwa karne nyingi. Mpigo wa kwanza huenda kulia kisha ukashuka. Wa pili huanzia juu kushoto, ukashuka, ukakata kulia, ukashuka tena na kumalizikia kwa ndoana. Wa tatu ni mstari mfupi wa kulala, nao hautoboi upande wa kulia. Wanafunzi wengi hukosea hapo: wanauvuta mstari wa mwisho hadi ng'ambo, na farasi anaonekana kama amechomwa mkuki. Taiwan, Hong Kong na Japani bado wanaandika 馬, kwa hiyo nashauri uijue kwa macho hata kama mkono wako hautaiandika kamwe. Na ukweli usemwe: ni nzuri zaidi. Ile fupi imemkata farasi miguu.

Kazi ya pili ndiyo tamu kuliko zote, nayo ni ya sauti. Tazama 妈, yaani mama, inayosomwa mā. Kushoto kuna 女, mwanamke. Kulia kuna farasi. Wapo wanaowaeleza wanafunzi kwamba mama ni mwanamke anayefanya kazi kama farasi. Ni kichekesho kizuri, na si kweli. Upande wa kushoto unataja jambo linalozungumzwa, upande wa kulia unakwambia tu neno linasikikaje: linafanana na "ma". Mtindo ni huohuo kwa 吗, yenye kinywa kushoto, ambayo huwekwa mwishoni mwa sentensi na kuigeuza swali kama "je" yetu. Ni huohuo kwa 蚂, yenye alama ya mdudu, inayoanzisha neno 蚂蚁, sisimizi. Na kwa 码, yenye jiwe kushoto, utakayoiona kila siku ukienda Guangzhou kununua mzigo: 号码 ni namba, 密码 ni neno la siri, 扫码 ni kuipiga picha ile alama ya miraba kwa simu ili ulipe.

Kinachozitofautisha masikioni ni toni. Mā ya mama iko juu na imenyooka. Mǎ ya farasi iko chini, na hupanda mwishoni ikitamkwa peke yake. Mà, iliyoandikwa 骂 kwa vinywa viwili juu ya farasi, huanguka ghafla, na maana yake ni kutukana au kugomba. Mswahili asikimbilie kusema lugha yake haina mambo hayo. Sisi hatuna toni, lakini tunajua kwamba barabara ya magari na kazi iliyofanywa barabara zinaandikwa sawa na kutofautishwa na mkazo tu. Sikio linalosikia hilo linafundishika.

Kazi ya tatu ni ya kutambulisha jamii ya maana. Hapa farasi husogea kushoto na kuiachia sauti upande wa kulia: 骑 ni kupanda mnyama, na siku hizi hata baiskeli na pikipiki, 驴 ni punda, 骡 ni nyumbu, 骆驼 ni ngamia, mwenye farasi katika herufi zote mbili. 驾驶 ni kuendesha gari, na ndani yake mmebaki farasi wawili ambao hawajaambiwa kwamba injini zimekuja. Mengine yamepotea mbali zaidi na zizi. 骗 zamani ilikuwa kurukia mgongoni mwa farasi. Leo ni kudanganya.

Kwa hiyo kuna kanuni ya haraka: farasi akiwa kushoto anatoa maana, akiwa kulia anatoa sauti. Akiwa chini, kanuni inakwisha. Katika 骂 yuko chini na anatoa sauti; katika 驾 yuko chini vilevile na anatoa maana, sauti ikitoka kwa 加 iliyo juu yake. Na jina la ukoo 冯, Féng, linamweka kulia bila kutamkwa "ma" hata kidogo. Hiyo ikaririwe tu.

Sasa maneno ya kila siku. 马上, neno kwa neno "juu ya farasi", maana yake ni mara moja, kama mtu ambaye tayari yuko juu ya tandiko. Mchina akikwambia mǎshàng kwenye simu, mpe muda uleule unaompa Mswahili aliyesema "niko njiani". 马路, njia ya farasi, ni barabara ya mjini. 马虎, farasi na chui milia, ni uzembe wa kufanya mambo bora liende. 拍马屁, kumpigapiga farasi makalioni, ni kujipendekeza kwa mkubwa. Kwetu mkubwa huyo angevikwa kilemba cha ukoka. Na ipo 指鹿为马, kumnyooshea kidole paa ukamwita farasi. Masimulizi ya historia yanasema mwaka 207 kabla ya Kristo waziri Zhao Gao alimleta paa mbele ya mfalme wa nasaba ya Qin na kusema ni farasi, apate kuona nani kati ya maofisa angethubutu kumpinga. Waliosema ni paa walijuta.

Upande wa majina ndiko farasi anakofika kwetu. Kilimanjaro ni 乞力马扎罗, Maasai Mara ni 马赛马拉, Malawi ni 马拉维. Malindi ina kisa chake: kumbukumbu za enzi ya Ming ziliiandika 麻林, kwa "ma" ya katani, na ramani za leo zinaandika 马林迪, kwa "ma" ya farasi. Mji haukubadilika, wala katani haikung'olewa kupisha farasi. Amiri Zheng He, ambaye meli zake zilifika pwani hii karne ya 15, naye alizaliwa katika ukoo wa Ma huko Yunnan, katika familia ya Kiislamu. Jina hilo limeenea sana kati ya Waislamu wa China, na mara nyingi huhusishwa na silabi ya mwanzo ya jina la Mtume Muhammad. Farasi hahusiki.

Anarudi mwenyewe katika wanyama wetu. Kiboko ni 河马, farasi wa mto. Punda milia ni 斑马, farasi mwenye mabaka. Sisi tulimpa upunda, wao wakampandisha cheo.

Ukitaka kujipima, andika sentensi hii: 他骑马吗？ Tā qí mǎ ma? Je, yeye hupanda farasi? Herufi ya kwanza ni "yeye". Katika tatu zinazofuata kuna farasi watatu: wa kwanza anatoa maana, wa pili ni farasi mwenyewe, wa tatu ni sauti tu.