Kinachorushwa ni Mshipi

Mvuvi wa Nile pale Rhino Camp akitaka ndoana yake ifike mbali, hufunga chubwi. Risasi nzito huruka, mshipi mwembamba ukaifuata. Anayevua trauti kwa nzi wa bandia hana chubwi. Nzi wake ni manyoya na uzi vilivyofungwa juu ya ndoana ndogo, mwepesi kiasi kwamba ukimrusha kwa mkono upepo humrudisha usoni pako. Kwa hiyo uzito umehamishwa ukatiwa ndani ya mshipi wenyewe. Kinachorushwa ni mshipi. Nzi huchukuliwa tu. Ndiyo maana mwenye fedha kidogo namshauri azitie kwenye mshipi kwanza. Ufito wa kawaida uliopata mshipi unaoufaa hufanya kazi ya kupendeza, na ufito wa bei kali uliokosa mshipi wake haufanyi kitu.

Sisi wa Dranya, wilayani Koboko, hatuna trauti. Vijito vya Koboko vinapita katika nchi iliyo juu ya bahari kwa mita elfu moja na ushei tu, na jua letu huyapasha maji kupita uvumilivu wa samaki huyo. Yeye anataka maji ya chini ya nyuzi 20, kwa kuwa maji ya baridi hushika hewa nyingi ya kupumulia. Walio jirani nasi wako Mto Suam, unaoshuka Mlima Elgon mpakani mwa Uganda na Kenya. Wengi zaidi wako kwenye mito ya Mlima Kenya na ya safu ya Aberdare. Hata huko ni wageni. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, na Mto Gura ukapata samaki wake. Trauti wa upinde wa mvua wakafuata mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini. Grogan huyo ndiye aliyesafiri kutoka Cape hadi Cairo, safari iliyokwisha mwaka 1900, na njia yake ilishuka bonde letu la Nile kutoka Ziwa Albert. Alipita kwenye maji ya sangara na ngasa kabla hajawaza kupandikiza trauti milimani.

Turudi kwenye mshipi. Hupewa namba, na namba hiyo ni uzito. Utaratibu uliwekwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na chama cha watengenezaji wa zana za uvuvi cha Marekani: hupimwa futi 30 za mwanzo tu, yaani kama mita 9. Katika urefu huo mshipi namba 3 una gramu 6.5, namba 4 una 7.8, namba 5 una 9.1. Ufito nao huandikwa, karibu na kishikio, namba ya mshipi unaouhitaji. Wauzaji wengi huishia hapo, namba kwa namba, na mnunuzi akaenda zake. Lakini namba husema kweli pale tu mita 9 zote zinapokuwa nje. Kwenye Thiba au Ragati, mito ya Mlima Kenya, ambako msitu umeinamia maji na kila kidimbwi ni kidogo, ni nadra kutoa hata mita 6. Theluthi ya uzito imebaki kwenye gurudumu la kukunjia mshipi, na ufito usiopata uzito wa kuupinda haurushi. Kwa mito ya namna hiyo mimi huweka mshipi namba 5 kwenye ufito wa namba 4, na sioni aibu kubishana na maandishi ya kiwandani. Ziwa Rutundu la Mlima Kenya ni habari nyingine. Juu kule mti haukuzuii, upepo ndio unaokuzuia. Chukua namba 6 na ufito wake.

Baada ya uzito, umbo. Mshipi mzuri hauna unene mmoja. Hupungua kuelekea ncha kama mjeledi wa mchunga ng'ombe. Nguvu iliyoanzia kwenye unene ikifika kwenye wembamba hukuta kitu kidogo cha kusukuma, hivyo mwendo haufi njiani, na nzi hutua bila kuwashtua samaki. Ipo mishipi yenye uzito mbele na mkia mwembamba nyuma, inayochomoka haraka na kufika mbali. Ipo inayopungua ncha zote mbili huku tumbo likiwa nene. Ya kwanza ndiyo inayosifiwa sana madukani. Kwa mito hiyo ya milimani nasimama na ya pili. Mwenye mianzi mgongoni hawezi kurusha mshipi nyuma. Huuviringisha mbele juu ya maji, na kuviringisha kunataka tumbo nene lisilokatika. Tena ncha moja ikichakaa, unaugeuza mshipi ukawa mpya.

Uelee au uzame? Mtoni, uelee. Mshipi unaoelea unauona, unauinua, unauhamisha upande wa juu wa mkondo ili maji yasimburute nzi kinyume cha mwendo wa wadudu wa kweli. Wavuvi wa zama za Grogan walitumia hariri, na hariri ilibidi ipakwe mafuta ielee, kisha jioni ianikwe isioze. Leo kuna ganda la plastiki, nalo lina adui yake: dawa ya kufukuza mbu. Futa viganja kabla ya kuugusa mshipi.

Rangi haina uzito nilioyapa hayo mengine. Chagua unayoiona jioni.

Na hakuna haja ya kungoja safari ya Mlima Kenya. Mkono hufundishwa kwenye nyasi, na uwanja wowote wa mpira hapa Dranya, wachezaji wakishaondoka, unatosha. Funga kipande cha uzi wa sufu mahali pa ndoana, asije akaumia mtoto. Toa mita 9, tia alama ya wino pale zinapoishia, urushe mpaka uujue uzito ulioandikwa. Kisha punguza hadi mita 6, urushe tena, ubadilishe mshipi kwa ule ulio mzito kwa namba moja. Tofauti utaiona kwenye kifundo cha mkono siku hiyo hiyo.