Anayehesabu Vitwitwi wa Mida

Kila Januari, kaskazi ikiwa imeshika, watu wachache hushuka kwenye fukwe na maziwa ya Kenya wakiwa na darubini, penseli na karatasi, wakahesabu ndege wa majini. Hesabu hiyo ilianza Ulaya mwaka 1967, ikaingia rasmi Afrika 1991, na hapa kwetu wanaoishughulikia ni Makumbusho ya Taifa na Nature Kenya. Januari haikuokotwa tu. Ndege waliokimbia baridi ya Siberia na Asia ya Kati wakati huo wameshatulia. Safari ya kuja imekwisha na ya kurudi haijaanza. Ukihesabu mapema zaidi, unahesabu wapita njia.

Mimi ni mtu wa Garissa. Ndege wa majini kwangu walikuwa yangeyange wanaofuata ng'ombe kando ya Tana, na korongo wanaosimama kwenye mchanga mto unapopungua chini ya daraja. Pwani nilikwenda Mida, karibu na Watamu, kwa ajili ya kazi hii, na kilichonishika huko, kuliko hata ndege wenyewe, ni namna dada aliyeongoza kikundi chetu alivyohesabu.

Kwanza aliyajua maji. Mida ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, umezungukwa na mikoko, na siku za bamvua maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Yakitoka, matope yanabaki wazi eneo kubwa mno na ndege wanatawanyika kutafuta chakula. Hakuna awezaye kuwahesabu. Yakijaa, wanasukumwa kidogo kidogo hadi kwenye vipande vichache vya mchanga ambavyo havijafunikwa, na hapo wanasimama bega kwa bega, mguu mmoja juu, mdomo umefichwa mgongoni. Hiyo ndiyo saa yake. Siku ya kuhesabu huchaguliwa kwa kutazama mwezi, kwa maana bamvua katika pwani yetu hufika kilele alasiri, mwanga ukiwa bado upo. Maji mafu hayafai, kwa sababu hayawakusanyi.

Tulikaa muda mrefu kabla hajasema namba yoyote. Aliweka darubini ya miguu mitatu, akapitisha jicho toka kushoto hadi kulia bila kuhesabu, akiwatambua tu. Kitwitwi mwenye mdomo uliopinda chini alimtofautisha na wenzake hata akiwa amelala, kwa urefu wa miguu na umbo la mgongo. Mwingine, ambaye mdomo wake umepinda juu, alimjua kwa mwendo: huyo hukimbia huku ameinama kana kwamba amechelewa mahali. "Kaka, usitafute rangi," aliniambia. "Januari karibu wote ni wa kijivu. Tazama wanavyotembea."

Kisha akahesabu kumi. Mmoja mmoja, taratibu, hadi kumi, akaangalia kumi hao wanachukua nafasi gani kwenye darubini. Akaisogeza nafasi hiyo juu ya kundi mara kumi, akapata mia. Mia ile nayo akaikariri umbo lake, kwa sababu mia ya ndege waliobanana si pana kama mia ya waliosimama mbalimbali, na kila anapofika mahali kundi linapobadilika hurudi kwenye kumi kupima upya. Ndivyo dalali mzoefu katika soko letu la mifugo anavyotazama mbuzi wakishuka kwenye lori na kutaja idadi kabla wa mwisho hajakanyaga chini. Mwenzake alifanya vivyo hivyo pembeni, kimya, bila kusikia namba yake, na baadaye walilinganisha. Zilipopishana sana, walirudi kwenye darubini wote wawili. Hakuna aliyechukua wastani ili mambo yaishe.

Unyofu huo ndio ninaouheshimu kuliko yote. Kwenye karatasi ile, mahali palipotazamwa pakakosa ndege huandikwa sifuri, na mahali ambapo hapakufikika huandikwa kwamba hapakutazamwa. Ni vitu viwili tofauti, na kuvichanganya huharibu kazi ya miaka. Namba hizi zina uzito wake: chini ya Mkataba wa Ramsar, unaohusu ardhi oevu, eneo linalotunza kwa kawaida asilimia 1 ya ndege wote wa jamii fulani, au ndege wa majini 20,000, lina sababu ya kutambuliwa duniani kuwa ni muhimu. Delta ya Tana iliingizwa katika orodha ya mkataba huo mwaka 2012.

Namba zina mengine pia. Yule kitwitwi wa mdomo uliopinda chini huzaliana kaskazini kabisa mwa Siberia. Mwaka ambao panya wadogo wa huko, lemingi, wamekuwa wengi, mbweha hushiba hao na kuwaacha vifaranga wa kitwitwi, na makinda wengi huja Afrika. Lemingi wakiadimika, makinda huwa haba. Msimu mzuri au mbaya wa huko unasomeka kwenye tope la Mida. Na ndege mla kaa, mweupe na mweusi, mwenye mdomo mzito na miguu mirefu, ambaye Mida inasifika kwa ajili yake, hutaga ndani ya mashimo anayochimba mchangani kwenye pwani na visiwa vya Ghuba na Bahari ya Shamu. Katika kundi lao mara nyingi utamwona kinda mkubwa akimfuata mzazi na kulia aombe chakula, ingawa wameshavuka bahari pamoja.

Niliporudi nyumbani nilianza kutazama mabwawa yetu kwa jicho jingine. Mvua za Oktoba hadi Desemba zikinyesha vizuri, Januari maji huwa bado yamo, na kuna bata, korongo, na wale vitwitwi wa kijivu kwenye kingo zilizokanyagwa na ngamia. Mto Tana wenyewe nao ni ule ule unaokwenda kuilisha delta. Mafuriko yanayotutesa Garissa ndiyo yanayojaza maziwa ya chini ambako korongo na yangeyange huzalia. Wachungaji wanajua ni bwawa lipi limebaki na maji na lipi litakauka wiki ijayo, na macho yao yamezoea kugundua kilichopungua katika kundi. Hawana darubini wala karatasi, wala mtu wa kukaa nao Januari moja akiwaonyesha kumi hadi mia. Mahali pa kuanzia papo: mchanga ulio chini ya daraja asubuhi, kabla ng'ombe hawajafika kunywa, halafu mabwawa ya njia ya kwenda Dadaab, moja baada ya jingine, na penye sifuri paandikwe sifuri.