Nusu ya Nini? Istilahi za Bunduki katika Maandishi ya Uwindaji

Miongoni mwa istilahi tunazokutana nazo katika tafsiri za sheria na katika maandishi yahusuyo uwindaji wa wanyama wakubwa ni "bunduki nusu-otomatiki". Kwa istilahi hiyo hukusudiwa bunduki ambayo, ikishapigwa mara moja, hutupa ganda yenyewe na kujitilia risasi ya pili, lakini haipigi tena mpaka mpigaji avute kifyatulio upya. Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba istilahi hiyo ina kasoro, na kasoro yenyewe si ya urembo wa lugha tu, kwani yaweza kumpotosha hakimu, askari wa wanyamapori na mwananchi wa kawaida. La pili ni kwamba Kiswahili cha njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo na Unyanyembe hadi Ujiji, kimetuachia kanuni iliyo bora zaidi ya kuzitaja silaha, nasi hatuna sababu ya kuiacha.

Jambo hili halikuwa na uzito huu zamani, wakati sheria zetu zilipoandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili kikatumika kuzifafanua tu. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Kwa hiyo neno la Kiswahili silo tena kivuli cha neno jingine. Ndilo litakalosomwa mbele ya mshtakiwa, na ndilo litakalopimwa na hakimu. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1974, na ile ya mwaka 2009 iliyochukua nafasi yake, zote zina vifungu vinavyotaja njia zilizokatazwa za kuwinda. Mtu anayekamatwa katika pori la Ugalla au la Moyowosi akiwa na bunduki, uhuru wake waweza kutegemea aina ya silaha aliyoishika. Ikiwa jina la aina hiyo halieleweki, haki nayo haieleweki.

Tuanze na kitu chenyewe kabla ya jina. Bunduki nyingi za kuwindia nyati na tembo ni za namna mbili. Ya kwanza ni ile ya komeo: mwindaji akishapiga, huvuta komeo kwa mkono, ganda likatoka, akalirudisha, risasi mpya ikaingia. Ya pili ni ile ya midomo miwili, yenye risasi mbili tu. Kipenyo cha .375, kilichotolewa mwaka 1912, ndicho ambacho wawindaji wengi hukihesabu kuwa cha chini kabisa kwa wanyama hao. Bunduki tunayoizungumzia haihitaji mkono huo wa kuvuta komeo. Gesi ya baruti, au nguvu ya kurudi nyuma kwa bunduki, ndiyo inayolisukuma komeo, springi hulirudisha, risasi mpya huwa tayari kabla mpigaji hajavuta pumzi. Hata hivyo kila mlio wahitaji mvuto wake wa kidole. Aina ya nne ni ile inayoendelea kupiga mfululizo maadamu kidole kimeshika na risasi zipo. Hiyo Kiswahili kiliipatia jina zamani, nayo ni rashasha; na wazee waliokumbuka Vita vya Kwanza vya Dunia waliiita bombomu.

Sasa tuuulize: katika "nusu-otomatiki", ni nusu ya nini? Anayejua mitambo atajibu kwamba kazi ni mbili, kujaza na kupiga, na kwamba bunduki hii hujiendeshea ile ya kwanza peke yake. Jibu hilo ni sahihi, lakini halimo ndani ya istilahi. Msomaji asiyelijua tangu awali hawezi kulipata kwa kulitazama neno. Yeye atadhani, na kwa haki kabisa, kwamba silaha hiyo ina nusu ya nguvu, au nusu ya hatari, au nusu ya kosa. Ukweli ni kwamba risasi yake yaweza kuwa ileile ya bunduki nyingine yoyote, na mnyama au mtu atakayepigwa nayo hatakufa nusu.

Hatusemi kwamba "nusu" haina nafasi katika uundaji wa istilahi. Nusukipenyo ni neno zuri, kwa kuwa ni nusu ya kipenyo kwelikweli. Nusu-irabu nayo yavumilika, kwa sababu sauti yenyewe imesimama kati ya irabu na konsonanti. Hata nusukaputi, kwa utani wake, inamweleza vema mgonjwa aliye kati ya uhai na mauti. Katika maneno hayo yote nusu inaonyesha kipimo au mahali pa katikati. Katika bunduki yetu haionyeshi chochote ila kwamba mfasiri alikuta kiambishi cha kigeni akakiwekea neno la kamusi. Hapo pametafsiriwa neno, maana ikaachwa pale pale ilipokuwa.

Hasara yake huonekana tunapozilinganisha sheria zenyewe. Mkataba wa Afrika wa kuhifadhi maumbile na maliasili, uliotiwa sahihi mjini Algiers mwaka 1968, ulitaja miongoni mwa mambo ya kuzuiwa silaha ziwezazo kutoa risasi zaidi ya moja kwa kila mvuto wa kifyatulio. Mkataba wa Bern wa mwaka 1979, uliotungwa kwa ajili ya wanyama na mimea ya Ulaya, ulikwenda mbali zaidi: ulizitaja silaha za mfululizo na hata zile za mvuto mmoja mlio mmoja, ikiwa magazini yake yaweza kuchukua risasi zaidi ya mbili. Basi silaha moja yaweza kuwa nje ya katazo la kwanza na ndani ya katazo la pili. Mfasiri akiandika "bunduki za kivita" mahali pote pawili, au akiita zote "otomatiki" kwa kuona kwamba nusu ni sehemu ya nzima, atakuwa ametunga sheria mpya bila kupewa madaraka ya kutunga sheria.

Lugha ya kituo cha polisi nayo haitusaidii. Katika taarifa za magazeti twasoma daima juu ya "SMG" na "SAR". Herufi hizo ni vifupisho vya Kiingereza, na ile ya kwanza hubandikwa kwa mazoea juu ya bunduki za jamii ya Kalashnikov, ingawa kwa asili yake hutaja silaha nyingine, ile ndogo ya mfululizo itumiayo risasi za bastola. Mwalimu akiulizwa darasani SAR ni nini, hana mzizi wa kushika wala mnyambuliko wa kuonyesha. Katika miaka ambayo idadi ya tembo wa Tanzania ilishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014, wananchi walisoma habari nyingi za silaha zilizokamatwa, lakini ni wachache walioelewa kwa lugha yao zilikuwa silaha za namna gani.

Tugeuke sasa kuitazama Tabora. Burton na Speke walipofika Kaze mwezi Novemba 1857, walikuta mji wa biashara ambamo pembe za ndovu zilishuka pwani, na nguo, shanga, bunduki na baruti zilipanda bara. Wanyamwezi walikuwa wapagazi, wafanyabiashara na wawindaji. Chama chao cha wawindaji wa tembo, Bayege, kilisafiri hata Katanga, na jina la Bayeke, watu wa Msiri, limetokana nacho. Mirambo wa Urambo alipigana na Waarabu wa Tabora kuanzia mwaka 1871 kwa majeshi ya rugaruga wenye bunduki. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye baba yake alikuwa na makao karibu na Tabora, alisimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba jina la Tippu Tip alipewa kwa mlio wa bunduki zake. Mtemi Isike wa Unyanyembe, ngome yake ilipovunjwa na Wajerumani mwezi Januari 1893, alijilipua ndani ya ghala yake ya baruti. Watu hawa waliishi na silaha, nao walihitaji kuzitaja kwa uhakika, kwani aliyenunua bunduki asijue aina yake alipoteza pembe zake, na pengine roho yake.

Je, walizitajaje? Kulikuwa na bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Bunduki ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe. Bunduki ya fataki. Na baadaye bunduki ya viasi, iliyotiwa risasi kwa nyuma badala ya kushindiliwa mdomoni. Ile ya mitutu miwili ikawa ya midomo miwili. Tazama utaratibu uliomo. Kila jina linajibu swali la mtumiaji: moto waifikiaje baruti? Risasi yaingia wapi? Midomo ni mingapi? Hakuna hata jina moja linalohitaji kujua Kiingereza, Kireno au Kiarabu ili kufahamika, hata pale ambapo neno lenyewe limekopwa. Tofauti hizo zilikuwa na uzito hata katika siasa za dunia. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingizwa Afrika kwa bunduki zenye mifuo ndani ya mtutu, ukaacha mlango kwa zile za gumegume zisizo na mifuo. Msemaji wa Kiswahili wa wakati ule angeweza kuueleza mkataba huo kwa maneno yake mwenyewe. Mrithi wake wa leo anapoeleza mkataba wa 1968 anagugumia.

Kwa kufuata kanuni hiyo, twapendekeza kitenzi kilichokwisha kuota mizizi, yaani kukoki. Ni kweli kwamba kilikopwa, lakini kimekubali sarufi yetu: mtu hukoki bunduki, bunduki hukokiwa, nayo yaweza kujikoki. "Otomatiki" haiwezi kunyambuliwa hivyo. Basi ya zamani iwe bunduki ya kushindilia, ambayo wengi huiita gobori. Ya komeo iwe bunduki ya kukoki. Na ile inayojitilia risasi iwe bunduki ya kujikoki.

Patazuka pingamizi, nalo ni la haki: rashasha nayo hujikoki. Kweli kabisa, na ndiyo faida ya pendekezo hili. Bunduki ya kujikoki ni jina la jamii nzima, na ndani yake mna aina mbili: ya kujikoki ya mlio mmoja mmoja, na ya kujikoki ya mfululizo, yaani rashasha. Mtunga sheria anayetaka kukataza aina zote mbili atataja jamii; anayetaka kukataza moja atataja aina. Mkataba wa Algiers utasomeka bila shaka yoyote kwamba unahusu ya mfululizo, na ule wa Bern kwamba unahusu zote mbili. Wengine watasema kwamba koki pia ni ya bomba la maji. Lakini hakuna mwindaji aliyekwenda porini na bomba, na muktadha hutosha kuondoa utata huo, kama unavyotosha katika maneno mamia ya lugha yetu.

Istilahi ya sheria si pambo. Kwa askari wa pori ni kigezo cha kukamata, na kwa mshtakiwa ni kigezo cha kujitetea. Wote wawili wastahili neno moja lenye maana moja. Twawaomba wafasiri wa sheria, walimu na maofisa wa vibali walijaribu pendekezo hili katika kazi zao, walipime, na kuleta hoja zao mbele ya Baraza kabla "nusu" haijaingia katika vitabu vya sheria, mahali ambapo kuiondoa kutakuwa kazi kubwa zaidi kuliko kuizuia.