Sifa za Kaunta: Maduka ya Kitu Kimoja Mjini Lisbon

Wanaoandika juu ya ufundi humtafuta fundi karakanani, na muuza duka humwacha nje ya hesabu, kana kwamba kazi ya kuuza huanza pale ambapo maarifa yamekwisha. Maduka ya zamani ya Lisbon, mji mkuu wa Ureno, yanatosha kuitia shaka hukumu hiyo. Yanayozungumziwa hapa ni maduka huru, yaani yale yanayomilikiwa na mtu au familia na ambayo si matawi ya kampuni kubwa, na hasa yale yaliyojifunga kuuza bidhaa ya aina moja kwa miaka mingi, hata kaunta yake ikawa mahali pa kazi sawa na meza ya fundi seremala au fundi saa.

Mpangilio wa mji wenyewe uliwahi kuutambua ujuzi huo. Tetemeko la ardhi la tarehe 1 Novemba 1755, pamoja na moto na mawimbi ya bahari yaliyolifuata, liliubomoa mtaa wa Baixa ulio bondeni karibu na mto Tejo, na waziri aliyejulikana baadaye kama Marquês de Pombal akaujenga upya kwa barabara zilizonyooka. Mwaka 1760 barabara hizo zilipewa majina, na nyingi ziligawiwa watu wa kazi maalumu: Rua Áurea kwa wafua dhahabu, Rua da Prata ya leo kwa wafua fedha, Rua dos Sapateiros kwa washona viatu, Rua dos Fanqueiros ya leo kwa wauza vitambaa. Mafundi wengi wamekwisha kuhama na majina yamebaki, ila Rua da Conceição ina safu ya maduka ambayo Wareno huyaita “retrosaria”, yaani maduka ya vifungo, nyuzi, lesi na utepe, ambamo muuzaji hupokea kifungo kimoja kilichobaki kwenye koti, akakigeuza mara mbili kidoleni, kisha akavuta kisanduku chenye wenzake bila kuuliza koti lenyewe ni la mwaka gani. Msomaji wa Kiswahili hawi mgeni kabisa katika maduka hayo, kwa kuwa neno “leso” lilitokana na “lenço”, kitambaa cha mkononi cha Wareno, na hata “meza” ambayo bidhaa huwekwa juu yake ni neno lililotoka kwao.

Mfano unaostahili kutazamwa kwa karibu zaidi uko Rua do Carmo, njia inayopanda kutoka Baixa kwenda mtaa wa Chiado, ambako duka la glavu liitwalo Luvaria Ulisses lilifunguliwa mwaka 1925. Mita zake za mraba zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ndani hamna kioo kirefu wala viti vya kungojea. Kuna kaunta, watoto wa meza waliojaa glavu za ngozi, na mto mdogo ambao mteja huegemeza kiwiko chake, mkono ukiwa umesimama kama wa mtu anayeomba ruhusa ya kusema. Muuzaji hukitazama kiganja na, mara nyingi bila kutumia futi, hutaja kipimo. Kisha huchukua koleo la mti, akaliingiza katika kila kidole cha glavu na kulipanua ili ngozi ilegee, akanyunyiza poda kidogo ndani, na kumvisha mteja taratibu, kidole baada ya kidole, akiishusha ngozi hadi iketi mahali pake.

Kitendo hicho huchukua dakika chache, lakini nyuma yake kuna elimu ndefu. Katika miaka ya 1830 fundi wa Kifaransa, Xavier Jouvin wa Grenoble, aliyachunguza maumbo ya mikono na kuyapanga katika vipimo, na tangu hapo glavu nzuri imehesabiwa kwa mzingo wa kiganja kwenye vifundo vya vidole, bila kidole gumba, kwa inchi ya zamani ya Kifaransa, ambayo ni ndefu kidogo kuliko ya Kiingereza. Vipimo hivyo hupanda kwa robo, kwa hiyo anayevaa saba na anayevaa saba na robo ni wateja wawili tofauti, ingawa macho ya kawaida hayaoni lolote linalowatenganisha. Ngozi nayo, ambayo mara nyingi ni ya mwanakondoo au mwanambuzi, hulowanishwa na kuvutwa kwa mikono kabla ya kukatwa, ili glavu itanuke kwa upana bila kurefuka, kwa maana glavu inayorefuka huacha ncha tupu zikining'inia mbele ya kucha. Kipande kikubwa hufanya kiganja na mgongo wa mkono. Kidole gumba hukatwa peke yake. Kati ya kidole na kidole hutiwa vipande vyembamba vinavyotengeneza kuta za kando. Na katika glavu zilizoshonwa kwa uangalifu zaidi, penye mashina ya vidole huongezwa kiraka kidogo chenye umbo la almasi, ambacho mvaaji hakioni lakini mkono hukijua kila unapokunja ngumi. Muuzaji asiyeyafahamu hayo atauza glavu inayobana, na mteja atailaumu ngozi.

Maduka mengine yanaweza kupitiwa kwa haraka zaidi. Conserveira de Lisboa, iliyoanza mwaka 1930 katika Rua dos Bacalhoeiros, huuza samaki wa kopo (na “kopo” nalo ni neno la Wareno), kila kopo likifungwa kwa karatasi na uzi mbele ya mteja. Pale Praça da Figueira ipo “hospitali” ya wanasesere iliyoanzishwa mwaka 1830, inayorudisha macho na mikono iliyopotea. Caza das Vellas Loreto, duka la mishumaa la mwaka 1789, bado linaandika jina lake kwa tahajia ya kale ambayo Wareno wenyewe wameiacha. Ufundi wa mshumaa uko katika subira: utambi huchovywa katika nta, huinuliwa, huachwa upoe, huchovywa tena, na anayeharakisha tabaka moja hulipa kwa mshumaa uliopinda.

Haifai kuyasifu maduka haya kana kwamba yanaelea nje ya soko. Tarehe 25 Agosti 1988 moto uliozuka katika duka kubwa la Grandella uliteketeza sehemu ya Chiado, Rua do Carmo ikiwa katikati ya janga hilo, na eneo lilijengwa upya kwa michoro ya msanifu Álvaro Siza. Duka kubwa liliungua, duka la glavu likabaki. Hatari iliyofuata ilikuja kimya zaidi, kwa njia ya pango. Sheria ya mwaka 2012 iliwapa wenye nyumba uhuru mkubwa wa kupandisha kodi, wakati uleule watalii walipokuwa wakiongezeka, na maduka mengi ya zamani yakafungwa. Manispaa ilianzisha mwaka 2015 mpango uitwao “Lojas com História”, yaani maduka yenye historia, na Bunge likapitisha mwaka 2017 sheria ya kuyalinda. Hatua hizo ni njema, lakini zina upungufu ulio wazi: sheria huweza kulinda mbao za rafu na jina la mlangoni, ilhali jicho linalotofautisha saba na saba na robo hulindwa na mwanagenzi anayesimama kando ya mkubwa wake mpaka aone anachokiona. Yapo pia maduka mapya yanayojipamba kwa ukale, yenye rangi nyingi na makopo yaliyopangwa kama mapambo ya sherehe, ambayo muuzaji wake hawezi kueleza samaki aliyemo ndani. Hayo yana kaunta bila kuwa na ufundi wa kaunta.

Msomaji atakayefika Rua do Carmo asishangae akikuta watu wamejipanga barabarani mbele ya mlango mwembamba, na zamu yake ikifika, avue pete kabla ya kuegemeza kiwiko.