EFAX: kosa la WD kwa wenye kubadilisha diski

Zamani diski ikikufia ndani ya NAS ya nyumbani, yaani kisanduku cha diski kilichounganishwa kwenye mtandao, kuchagua mbadala hakukuwa kazi. Ulisoma jina, ukasoma ukubwa, ukanunua ileile. Western Digital ndiyo iliyotuzoesha hivyo: WD Red ilitoka Julai 2012 kama diski ya NAS ya nyumbani na ofisi ndogo, na kwa miaka kadhaa haikumwangusha mtu. Kwa hiyo kuingiza SMR, teknolojia ya kulaza njia za data moja juu ya nyingine, kimyakimya ndani ya Red za TB 2 hadi TB 6 siwezi kukuita kuteleza. Ulikuwa uamuzi mbovu, na waliouonja uchungu wake ni walewale ambao Red ilitengenezwa kwa ajili yao.

Tulirudie tukio polepole. Red iliyozoeleka ya TB 4 ilikuwa WD40EFRX, kache MB 64. Iliyoingia madukani baadaye ikaitwa WD40EFAX, kache MB 256. Boksi lilitaja NAS vilevile, na stika ilikuwa nyekundu vilevile. Mnunuzi akiona kache imepanda mara nne anadhani amepewa zawadi. Kumbe kwenye diski za SMR kache kubwa ipo ili kuficha uzito wa kuandika. Aliyeijua ishara hiyo alitia shaka. Wasioijua, ambao ndio wengi, walilipa na kwenda zao.

SMR inafanya kazi hivi. Njia za data zimelaliana kama makuti ya paa: ukitaka kubadili la chini, sharti uinue yaliyolala juu yake. Diski inajikinga kwa kuwa na eneo dogo la kawaida, la CMR, yaani la njia zisizolaliana, ambako maandishi mapya hutua kwanza. Ukiiacha ipumzike, inayahamisha yenyewe taratibu kwenda kwenye njia zilizolaliana. Anayehifadhi picha za harusi na filamu chache, hatagundua lolote mpaka diski izeeke.

Lakini mwenye kubadilisha diski iliyokufa hafanyi hivyo. Anachomeka mpya, anaamuru RAID, yaani kundi la diski zinazolindana, ijijenge upya, na kuanzia hapo diski inaandikwa saa baada ya saa bila kupumua. Eneo la CMR linajaa. Diski inaanza kupanga na kupangua ndani kwa ndani huku maagizo mapya yakiendelea kuingia. Inachelewa kujibu, kidhibiti kinaihesabu imekufa, kinaitupa nje. Waliokuwa na mfumo wa mafaili wa ZFS ndio walioumia zaidi: iXsystems, kampuni iliyo nyuma ya FreeNAS, ilitangaza kwamba EFAX zenye toleo la ndani 82.00A82 zingeweza kuingia katika hali ya hitilafu zikibebeshwa mzigo mzito wa ZFS. ServeTheHome nao walipima kujenga upya kwa TB 4: diski za CMR zilimaliza ndani ya siku moja, EFAX ikachukua zaidi ya siku tisa. Muda huo wote, mwenye RAID 5 hana kinga. Diski nyingine ikizimika siku ya sita, kila kitu kimekwenda.

Kwa hiyo hoja ya kwamba SMR ni teknolojia halali hainigusi. Ni halali. Iuze kwa jina lake, kwa bei yake, kwa kazi inayoiweza. Hapa iliwekwa mahali pabaya kuliko pote na wala haikutajwa kwenye karatasi ya sifa. Watu waligundua kwa kuumia, na Blocks & Files wakaichapisha habari hiyo Aprili 2020. Jibu la kwanza la kampuni likawa kwamba NAS za nyumbani huwa na muda wa kutosha wa kupumzika. Yaani diski ya kuokolea RAID inahitaji usiwe na haraka ya kuokoa!

Wanaonisoma mara kwa mara watasema nina kisa na WD. Ninacho. Ndio waliotuuzia Green yenye "IntelliPower" pale ambapo idadi ya mizunguko ilipaswa kuandikwa, na vichwa vilivyoegeshwa kila baada ya sekunde 8 za ukimya. Ndio ambao mwaka huohuo wa 2020 walibanwa kuhusu diski za "daraja la 5400" zilizokuwa zikizunguka 7200. Na baada ya mafuriko ya Thailand ya 2011, waranti za Blue na Green zilishuka kutoka miaka 3 hadi 2. Wapenzi wa Seagate wasicheke: Barracuda nyingi zilishushwa hadi mwaka 1, na Barracuda ST2000DM008 ya leo ni SMR. Angalau IronWolf hawakuichezea. Na kwa haki, diski za heliamu za WD ni kazi safi.

Ila niacheni niwakumbuke wakubwa wa zamani. Caviar Black ya WD ilikuja na waranti ya miaka 5 na kelele zake zote. Samsung Spinpoint F3 ilikuwa kimya na kasi, hadi Seagate wakainunua idara nzima ya diski ya Samsung mwaka 2011. Deskstar za Hitachi zilibeba jina lililochafuliwa na 75GXP ya IBM, zikalisafisha kwa kazi. WD wakainunua HGST, kampuni ya diski ya Hitachi, mwaka 2012, na baadaye jina likafifia. Hakuna kati ya hizo iliyokutaka uchunguze herufi za mwisho kama hirizi.

Marekebisho? Juni 2020 walileta Red Plus, ambayo kwa sehemu kubwa ni Red ya zamani ya CMR iliyopewa jina jipya, huku jina la Red likiachiwa SMR. Kesi ya wanunuzi wa Marekani ilimalizwa 2021 kwa dola milioni 2.7: dola 4 kwa diski ya TB 2 au 3, dola 7 kwa ya TB 4 au 6.

Kwa anayebadilisha leo: Windows iende kwenye SSD, hilo halina mjadala. Kwa diski ya mafaili kwenye kompyuta moja, WD10EZEX ya TB 1 bado ni CMR ya 7200, na SMR kwa nakala za akiba si dhambi. Ukiwa na RAID, mwambie muuzaji wa Kariakoo au Luthuli akuonyeshe stika ya diski yenyewe, boksi halitoshi. Akikuambia "Red ni Red", soma herufi kwanza, kisha ukubwa, kwa sababu WD80EFAX ya TB 8 ni CMR ilhali WD60EFAX ya TB 6 ni SMR.